Mkate wa Kukanda, Mkate wa Kumimina

Jikoni kwa shangazi yangu, Tanga, kulikuwa na mikate ya aina mbili, na tofauti yake ilianzia mikononi. Mkate wa ngano ulikandwa: shangazi alikunja mikono ya gauni, akaubonda unga kwa viganja mpaka ukavutika kama mpira. Mkate wa mchele ulimiminwa: rojo lilitoka kwenye bakuli likaingia kwenye sufuria ya moto bila kuguswa na mkono. Utotoni niliona hayo ni mapishi mawili tu. Leo, wazazi wanaponiuliza wampikie nini mtoto aliyekatazwa ngano, narudi palepale jikoni, kwa sababu jibu lao lilikuwa limekaa kwenye ile sufuria.

Swali lenyewe limeenea sasa. Kuna anayeambiwa na daktari aache ngano, na kuna anayeambiwa na jirani. Kuna mama ambaye mwanawe huvimba midomo akila karanga, na kijana anayeona maziwa yanamsumbua tumbo. Wote wanatupwa kwenye kapu moja linaloitwa aleji, yaani mzio. Msimamo wangu ni huu: kuacha ngano ni tiba kwa wachache, na kwao ni tiba ya maisha yote, kwa walio wengi si lazima. Na yule anayelazimika asikimbilie pakiti ya bei kubwa iliyotoka ng'ambo kabla hajazitazama nafaka za nyumbani, kwa kuwa kupika bila ngano ni ujuzi ambao watu wa pwani na bara wameuishi kwa vizazi.

Kitu kinachovutika

Chukua donge la unga wa ngano lenye ukubwa wa ngumi, lililokandwa vizuri, uliache nusu saa. Kisha lioshe kwenye bakuli la maji huku ukilikamua polepole. Maji yatageuka meupe kama tui. Huo ni wanga unaotoka. Badilisha maji mara kadhaa mpaka yabaki maangavu. Kitakachosalia mkononi ni kinofu cha kijivu, chenye kunata, kinachovutika kama bigijii. Hiyo ndiyo gluteni. Mwanasayansi wa Bologna, Jacopo Bartolomeo Beccari, aliitenga kwa njia hiyohiyo ya kuosha donge, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1745.

Gluteni ni protini. Katika ngano huundwa na makundi mawili, gliadini na glutenini, yanayoshikana unga unapopata maji na kukandwa, yakafanya kama wavu. Hamira inapotoa gesi, wavu huishika, na mkate huumuka. Ndiyo maana chapati husukumika ikawa nyembamba bila kuchanika, na andazi likawa na tumbo tupu ndani. Shayiri na nafaka ya Ulaya iitwayo rai zina protini za ukoo huohuo. Mchele, mahindi, mtama, uwele, ulezi, muhogo, viazi, ndizi, kunde na dengu hazina.

Hapa pana mtego wa lugha. Oti, ile nafaka ya uji wa asubuhi, madukani mara nyingi nayo huitwa shayiri. Oti safi haiwadhuru wengi wa waliokatazwa gluteni kwa ugonjwa, lakini mara nyingi huvunwa na kusagwa pamoja na ngano. Mgonjwa asilitegemee jina. Asome pakiti, atafute ile iliyothibitishwa kuwa haina gluteni, na amweleze daktari wake.

Magonjwa matatu, jina moja

La kwanza ni siliaki. Huu si mzio. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, ikikutana na gluteni, huushambulia utumbo mwembamba wa mwenye mwili. Ukuta wa utumbo una vinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula. Mashambulizi huvilaza vikawa bapa, na mtu akala akashiba lakini mwili ukabaki na njaa. Dalili zake ni kuhara kusikoisha, tumbo kujaa gesi, kukonda, mtoto kutokua, na upungufu wa damu usiosikia vidonge vya madini ya chuma. Wengine hawaharishi kabisa. Huonekana kwa mifupa dhaifu, vidonda vya mdomo au mimba kutoshika.

Daktari wa London, Samuel Gee, alieleza ugonjwa huu kwa watoto mwaka 1888, akasema tiba ikipatikana itakuwa katika chakula. Chakula gani? Mwaka 1924, huko New York, Sidney Haas aliwalisha watoto wagonjwa ndizi kwa wingi, na wakapona. Ndizi ikasifiwa kama dawa. Kumbe kilichowaponya ni kile ambacho hawakukila. Walioonekana wamepona na kurudishiwa mkate waliurudia ugonjwa uleule.

Aliyefumbua fumbo ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke. Alikuwa akiishuku ngano tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, njaa iliipiga nchi yake, mkate ukaadimika, na watu wakala hata vitunguu vya maua. Wakati wengine wakidhoofu, watoto wenye siliaki walipata nafuu. Mkate uliporudi, wakaanguka tena. Dicke aliandika tasnifu yake mwaka 1950, na tangu hapo tiba haijabadilika: kuiacha gluteni moja kwa moja. Kipimo cha damu kinachotumika zaidi leo, cha kingamwili dhidi ya kimeng'enya cha tishu, kilitokana na ugunduzi wa mwaka 1997.

Wapo wanaodhani haya ni maradhi ya Wazungu. Siyo. Siliaki imethibitishwa Afrika Kaskazini, Sudan, Mashariki ya Kati na kaskazini mwa India. Na kiwango kikubwa kuliko vyote kilichowahi kuripotiwa ni cha Waafrika: uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta karibu watoto 6 kati ya 100 wa Wasaharawi, watu wa Sahara Magharibi, wana siliaki, ilhali Ulaya ni kama mtu 1 kati ya 100. Wasaharawi walikuwa wafugaji walioishi kwa maziwa ya ngamia, nyama na tende. Ukoloni ukaleta mkate, kisha ukimbizi katika kambi za Tindouf, Algeria, ukaufanya unga wa ngano wa msaada kuwa chakula cha kila siku. Damu ilibeba urithi wa ugonjwa, ngano ikauamsha.

La pili ni mzio wa ngano wenyewe. Huu huja haraka, dakika chache hadi saa mbili baada ya kula: vipele vya kuwasha, midomo kuvimba, kutapika, kubanwa pumzi. Mwenye mzio wa ngano mara nyingi anaweza kula shayiri bila shida. Mwenye siliaki hawezi.

La tatu ni kutostahimili: mtu hujaa gesi na kuumwa tumbo akila ngano, lakini vipimo vyote ni safi. Mateso yake ni ya kweli, ila mara nyingi mkosaji ni sukari fulani iliyomo katika ngano inayochachuka tumboni, sukari iliyomo pia katika kitunguu na maharagwe. Huyu kupunguza kunamtosha. Hana haja ya kuogopa punje.

Kwa nini tofauti hizi ni muhimu? Kwa sababu kwetu tumbo lina maadui wengi. Kuhara na kukonda kunaweza kuwa minyoo, amiba, giadia au kifua kikuu cha utumbo. Anayeamua mwenyewe kwamba ni gluteni anaweza kuacha ugonjwa unaotibika ukamla. Na kosa lililo baya zaidi ni kuacha ngano kabla ya kupima. Kipimo cha siliaki hutafuta alama za vita. Ukiondoa ngano, vita hutulia, alama hufifia, na majibu hutoka safi kwa mtu mgonjwa. Kula kama kawaida, pima, kisha ndipo uache.

Kwa mtu mzima wa afya, kuacha ngano hakuna faida ya pekee. Tena kuna hasara isiyoonekana. Tangu mwaka 2011 Tanzania, na 2012 Kenya, unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani unatakiwa kwa sheria kuongezwa madini ya chuma na foliki asidi, ile inayolinda mgongo na ubongo wa mtoto tumboni. Mwanamke anayeondoa unga huo na kuingiza wa mchele au muhogo aliousaga mwenyewe ameondoa na kinga hiyo. Inambidi aitafute katika mboga za majani, kunde, maini na vidonge vya kliniki.

Ghala la nyumbani

Sasa tufungue stoo. Mchele hutupa vitumbua, vibibi, vileja na mkate wa kumimina. Kunde na dengu hutupa bajia. Mtama ndio unga wa mkate wa mofa. Uganda, muhogo na ndizi mbivu huzaa kabalagala. Kashata ni nazi au karanga na sukari. Itazame hata meza ya futari ya pwani: muhogo wa nazi, magimbi, ndizi mbichi, viazi, vitumbua. Ukiondoa sambusa, kaimati na tambi, sehemu kubwa ya meza hiyo haina ngano, na hakuna aliyewahi kuiita meza ya wagonjwa.

Kila unga una tabia yake, na anayebadilisha ngano kwa unga mwingine kikombe kwa kikombe ataishia na tofali. Mchele ni mkavu na hukatika. Muhogo hunata na kuleta ulaini, lakini ukizidi mkate unakuwa kama mpira mbichi. Ulezi una ladha nzito na rangi ya udongo, na gramu 100 zake hubeba zaidi ya miligramu 300 za kalisi, jambo kubwa kwa mgonjwa ambaye mifupa yake imenyimwa. Dengu huongeza protini na hushika vizuri. Mchanganyiko wa sehemu mbili za mchele, moja ya muhogo na nusu ya ulezi au dengu hukaribia tabia ya ngano kuliko unga wowote peke yake.

Kinachokosekana ni ule wavu. Viwanda huziba pengo kwa gundi iitwayo zanthani. Nyumbani yapo maganda ya isabgol yanayouzwa kwenye maduka ya dawa za Kihindi, yai, ndizi iliyopondwa, na zaidi ya yote, uji. Nimtazame tena shangazi. Alilowesha vikombe viwili vya mchele usiku kucha, akauchuja, akausaga na tui zito la kikombe kimoja na nusu mpaka ukipapasa rojo kwa vidole husikii chenga. Akachota upawa mmoja, akauinjika kwenye moto mdogo, akakoroga mpaka ukawa uji mzito unaong'aa, akauacha upoe. Huo uji ndio aliourudisha ndani ya rojo pamoja na hamira kijiko kidogo, sukari na iliki. Wanga uliopikwa huvimba na kunata. Ndio unaoshika gesi badala ya gluteni. Akafunika. Rojo lilipotoa mapovu na kupanda, hakungoja zaidi, maana likizidi huchacha na kukaa chini. Alipiga ute wa yai ukawa povu, akauchanganya kwa mkono mwepesi, akamimina kwenye sufuria iliyopakwa samli na kupashwa moto. Moto mdogo chini. Upande wa juu ulipoanza kukauka, akafunika na kupanga makaa juu ya kifuniko. Nikataka kukata ukiwa wa moto. "Subiri mwanangu," alisema, "mkate wa mchele ukiuharakisha unakuvunjikia." Mkate usio na wavu hushikana unapopoa.

Kanuni zote zimo humo: loweka, saga laini, pika sehemu, fanya rojo wala si donge, umusha mara moja, usikate ukiwa wa moto. Kwa chapati kanuni hubadilika kidogo: mimina maji yanayochemka juu ya unga wa mchele na muhogo kama anayesonga ugali, kanda ukiwa vuguvugu, sukuma kati ya karatasi mbili za nailoni.

Lakini unga wa nyumbani una hatari zake, na anayehama ngano huzikaribia zaidi. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa Tarime mkoani Mara walikula muhogo ambao haukuandaliwa ipasavyo wakapata konzo, ugonjwa unaopooza miguu moja kwa moja. Wakongo wa Kwango waliujua tangu miaka ya 1930. Muhogo uloweshwe siku kadhaa au uvundikwe, ukaushwe vizuri. Na ukiwa na shaka na unga, uloweshe maji kidogo, utandaze safu nyembamba kivulini saa 5, sumu ipande hewani kabla ya kuupika. Mahindi na karanga nazo huweza kupata sumukuvu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye ukungu na 125 wakafa. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara nayo ilizika watu. Punje iliyobadilika rangi au kunyauka itupwe. Kuikaanga au kuichemsha hakuondoi sumu hiyo.

Ngano iliyojificha

Mwenye siliaki huumizwa na makombo. Kiwango cha kimataifa cha chakula kinachoitwa hakina gluteni ni kisichozidi miligramu 20 kwa kilo, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Ndiyo maana nyumba nyingi hupika vizuri na mgonjwa haponi.

Anza na mashine ya kusaga. Mchele wako ukiingia baada ya ngano ya mteja aliyetangulia, umesagwa pamoja na ngano. Afadhali usage nyumbani kwa blenda. Kibao cha chapati, chungio na mwiko wa mbao hubeba unga kwenye nyufa. Mgonjwa awe na vyake. Mafuta yaliyokaanga maandazi asubuhi yasikaange vitumbua vyake mchana. Urojo wa Unguja mara nyingi huzidishwa uzito kwa unga wa ngano, na bokoboko ni ngano nzima iliyopondwa na nyama, ingawa haina sura ya mkate. Mchuzi wa soya mara nyingi una ngano. Bia nyingi hutokana na shayiri. Hata hostia ya Ekaristi ni ngano: Kanisa Katoliki linakataa ile isiyo na gluteni kabisa, lakini linakubali yenye gluteni kidogo sana, kwa hiyo muumini azungumze na padri wake mapema.

Kinachonisumbua zaidi ni unga wa lishe. Mama huchanganya mahindi, mchele, ulezi, soya, karanga, ngano, pengine na dagaa, akiamini vingi ni bora. Mtoto akitoka vipele, hakuna anayejua ni kipi kati ya vitu saba. Mtoto aanze na kimoja, aongezewe kingine baada ya siku tatu au nne. Akishavizoea vyote, mchanganyiko ni neema.

Karanga, maziwa na vinginevyo

Kwa miaka mingi wazazi wa Ulaya waliambiwa wamfiche mtoto karanga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kutoka London, ukiongozwa na Gideon Lack, uligeuza ushauri huo. Watoto zaidi ya 600 walio katika hatari waligawanywa, wengine wakala karanga tangu uchanga, wengine wakanyimwa. Walipofika miaka 5, mzio wa karanga ulikuwa umepungua kwa takriban asilimia 80 kwa waliokula. Mama zetu waliokoroga karanga katika uji hawakukosea. Ziwe laini kabisa, kwani karanga nzima humkaba mtoto. Na mwenye ukurutu mkali aonwe na daktari kwanza.

Maziwa nayo yana mambo mawili tofauti. Kushindwa kumeng'enya sukari ya maziwa ni hali ya watu wazima walio wengi duniani. Jamii za wafugaji wa Tanzania, Kenya na Sudan ziliiepuka kwa mabadiliko ya urithi yaliyojitokeza kwao wenyewe, tofauti na yale ya Ulaya, kama Sarah Tishkoff na wenzake walivyoonyesha mwaka 2007. Asiyeyaweza maziwa mabichi mara nyingi huyaweza ya mgando, kwa kuwa bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari. Lakini mzio wa maziwa ni wa protini. Hapo mgando haumwokoi mtoto, wala maziwa ya mbuzi, ambayo protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Tui la nazi hufaa katika mapishi, ila halilishi mtoto mchanga.

Kwa mzio wowote, jua dalili za hatari: sauti kukwama, kupumua kwa filimbi, ulimi kuvimba, kuzimia. Huo ni wakati wa sindano ya adrenalini na hospitali. Maziwa ya kuzimua na mkaa havina kazi hapo.

Sinia moja

Limebaki gumu kuliko hamira. Kwetu kukataa chakula ni kumkataa mwenyeji. Nimemwona binti akiwekewa chapati na bibi yake. "Mbona huli, mjukuu wangu? Kipande kimoja tu hakikuui." Akala kwa heshima, akaugua siku tatu. Yule bibi hakuwa na ubaya. Hakuna aliyemweleza kwamba kwa mwenye siliaki kimoja ni kingi. Mgonjwa asingoje sahani ifike mbele yake. Mzazi atangulie kusema: "Bibi, daktari amemkataza ngano kama dawa, lakini kitumbua chako anakipenda." Mwenyeji amepewa cha kufanya, na heshima imebaki.

Nyumbani nako nisingeshauri mtoto apikiwe chungu chake peke yake kila siku. Chakula cha peke yake humfundisha kuwa yeye ni mzigo, na humshawishi kuiba chapati ya kaka yake. Pikeni wote wali, ugali wa mtama, muhogo wa nazi na bajia za kunde. Ngano ikipikwa, iwe siku yake, na vyombo vyake. Siku ya sikukuu umimine mkate wa mchele, mkubwa, wa kutosha watu wote. Ukiukata vipande na kuupanga kwenye sinia, yule mtoto atanyoosha mkono pamoja na wenzake bila kuuliza kwanza.